Bei halisi ya bukari nyeupe Kolwezi

Kilo 100 za mahindi zikiingia kwenye kinu kikubwa cha kiwandani huko Zambia, unga mweupe kabisa, ule unaouzwa kwa jina la breakfast, hutoka kilo 60 hadi 65. Roller, unga wa daraja linalofuata, hutoka kama kilo 85. Mahindi yaleyale yakipelekwa kwenye mashine ya mtaani na kusagwa bila kukobolewa, unabeba nyumbani kilo 97 hivi. Zilizobaki ni takataka na vumbi la mashine. Kati ya 62 na 97 kuna kilo 35. Kwa mji kama Kolwezi, ambao sehemu kubwa ya unga wake hupitia mpaka wa Kasumbalesa na kusafirishwa kilomita zipatazo 400 kupitia Lubumbashi na Likasi, hizo kilo 35 zinastahili kuhesabiwa upya, kuanzia shambani hadi kwenye sahani.

Kilo hizo si makapi. Punje ya mahindi ina ganda la nje, ambalo ni asilimia 5 au 6 ya uzito wake. Ina kiini, pale mche unapoanzia kuota, ambacho ni kama asilimia 11. Na inayobaki, zaidi ya asilimia 80, ni wanga. Ganda limebeba nyuzinyuzi. Kiini kimebeba zaidi ya robo tatu ya mafuta yote ya punje na sehemu kubwa ya madini yake. Kiwanda hukitoa kiini kwa sababu ya kibiashara inayoeleweka: mafuta huchacha, na unga wenye mafuta hauvumilii miezi ya kukaa ghalani, kwenye lori na dukani. Lakini angalia hesabu vizuri. Ikiwa wanga ni zaidi ya asilimia 80 ya punje na unga unaotoka ni asilimia 62, basi hata sehemu ya wanga wenyewe imeondoka pamoja na pumba. Weupe ule umelipiwa mara mbili.

Sasa tuiweke sahani mezani. Tuchukue mtu mzima anayekula gramu 350 za unga kwa siku, kiasi cha kawaida kwa anayekula bukari, yaani ugali, mchana na jioni. Kwa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo yanayotumika sana kwa hesabu za aina hii, gramu 350 za unga mzima zina kalori 1,260 hivi, na za unga uliokobolewa na kutolewa kiini zina 1,310. Kwa nguvu ya kuamkia kazini, basi, hakuna tofauti ya kuzungumzia. Tofauti iko kwingine kote. Nyuzinyuzi ni gramu 25.5 dhidi ya gramu 6.7. Magnesiamu ni miligramu 325 dhidi ya 63. Zinki ni miligramu 6 dhidi ya 1.3. Madini ya chuma ni miligramu 8.3 dhidi ya 3.2. Vitamini B1, ambayo mwili huihitaji kila siku ili uweze kuutumia huo wanga wenyewe, ni miligramu 0.86 dhidi ya 0.26, na mtu mzima anahitaji kama 1.2. Protini inashuka kutoka gramu 24 hadi chini ya 20. Unga wa kila kiwanda una vipimo vyake, na namba hizi zitapanda au kushuka kidogo, ila mwelekeo haubadiliki.

Ile namba ya kwanza, 25.5, ina uzito wa pekee. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema kwamba wanga tunaokula utoke hasa kwenye nafaka nzima, mboga, matunda na jamii ya kunde, na kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za asili kwa siku. Msingi wake ulikuwa kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, iliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019. Walikusanya tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, pamoja na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko waliokula kidogo, na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha ukubwani na saratani ya utumbo mpana yalipungua pia. Kiasi kilicholeta faida kubwa kilikuwa gramu 25 hadi 29. Mkazi wa Kolwezi anayekula bukari ya unga mzima anakifikia kiwango hicho kabla hata hajagusa sombe wala maharage. Anayekula nyeupe anabaki kwenye robo yake.

Nisieleweke vibaya. Unga mzima bado ni wanga, na ukisagwa laini sana sukari yake huingia haraka kwenye damu. Mwenye kisukari hawezi kujaza sahani kwa sababu tu bukari ina rangi ya kahawia. Kwake kipimo kinabaki kipimo. Pia ganda na kiini vina kiasi kikubwa cha fitati, kitu kinachoshika chuma na zinki na kupunguza kiasi kinachofika mwilini. Zile miligramu 8.3 za chuma haziingii zote. Lakini hapa wazee walikuwa na jibu tayari: nafaka iliyolowekwa au kuchachushwa hupoteza sehemu ya fitati hiyo, na limao au nyanya au mboga mbichi mezani husaidia chuma kuingia. Kinywaji cha munkoyo na uji uliochacha vina faida ambayo mpishi wa zamani hakuwahi kuipima maabara.

Weupe huu una historia, na katika ukanda wa shaba historia hiyo imeandikwa na makampuni ya madini. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na pamoja na mashine za migodi ikaanza kuleta unga wa mahindi. Mfanyakazi wa kambini alipimiwa posho yake: unga, maharage, nyama au samaki, chumvi, mafuta. Kampuni ilihitaji chakula kinachosafirika, kinachohifadhika na kinachopimika kwa kilo, na mahindi yalifaa kuliko mtama na ulezi. Kolwezi ilipoanzishwa mwaka 1937, mahindi yalikuwa tayari ndicho chakula cha mwenye kazi. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikaurithi utaratibu huo baada ya 1967, na kwa familia za wafanyakazi wake gunia la unga la kila mwezi lilikuwa sehemu ya mshahara kama fedha zenyewe. Mwaka 1986 kampuni ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Baada ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 uzalishaji ukashuka vibaya, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Gunia la kampuni likaisha, ila ladha haikuisha. Bukari nyeupe ikabaki alama ya nyumba iliyo na kazi, na familia inayopata shida hadi leo huhisi aibu kumpakulia mgeni bukari yenye madoadoa. Aibu hiyo ina bei, na tunaweza kuikokotoa.

Bei za sokoni hubadilika kila wiki, kwa hiyo nitatumia namba nyepesi za mfano, na msomaji aweke zake. Tuseme kilo ya mahindi ni faranga 1,000, kusaga ni faranga 100 kwa kilo, na kukoboa ni faranga 100 nyingine. Kilo 100 zikisagwa nzima zinagharimu 110,000 na kutoa kilo 97: kila kilo ya unga ni faranga 1,134. Zikikobolewa kwanza kwenye mashine ya mtaani, ambayo haikoboi sana kama kiwanda, zinagharimu 120,000 na kutoa tuseme kilo 70. Kilo 28 za pumba unaziuza kwa wafuga kuku na nguruwe kwa faranga 300 kila moja na kurudisha 8,400. Kila kilo ya unga mweupe inasimama kwenye faranga 1,594. Hiyo ni asilimia 41 zaidi. Hata pumba ikiuzwa nusu ya bei ya mahindi, unga mweupe bado unabaki ghali kwa theluthi moja. Badilisha bei ya mahindi iwe 600 au 2,000, uwiano huo hautasogea mbali, kwa sababu unatokana na uzito unaotupwa.

Familia ya watu 7 inayokula gramu 350 kila mmoja, mkubwa akifidia mdogo, inamaliza kilo 73 na nusu kwa mwezi, karibu magunia matatu ya kilo 25. Kwa bei za mfano wetu, tofauti kati ya mzima na mweupe kwa magunia hayo matatu ni faranga 34,500 kila mwezi. Maharage yakiwa na bei mara tatu ya mahindi, fedha hizo zinanunua kilo 11 na nusu za maharage makavu. Gawanya kwa watu 7 na siku 30: gramu 55 kwa kila mtu kila siku, zenye protini ya gramu 12 hivi. Hapa ndipo hoja yangu yote iliposimama. Mama wa nyumba anayebadilisha unga hahitaji kuongeza hata faranga moja kwenye bajeti ya chakula ili watoto wake wapate maharage ya kila siku. Fedha ya maharage tayari anaitoa, ila inaenda kwenye ukobozi.

Na wale watoto wanayahitaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta watoto 6 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano nchini Kongo wana upungufu wa damu, na asilimia 43 wamedumaa kwa kimo. Malaria na minyoo vina sehemu yao kubwa katika hali hiyo, lakini sahani isiyo na chuma cha kutosha ina sehemu yake pia.

Kolwezi ina sababu nyingine ya kuujali upungufu wa chuma ambayo miji mingi haina. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha matokeo ya vipimo vya mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Vumbi la majumbani lilijaa kobalti na metali nyingine, na mikojo ya watoto ilionyesha kwamba imeingia miilini mwao kwa wingi. Utumbo wa binadamu hutumia mlango uleule kupokea chuma na kobalti. Mwili wenye njaa ya chuma huufungua mlango huo zaidi, na kobalti hupita nayo, na kadimiamu pia. Mtoto wa Kasulo au wa Musonoi asiye na chuma cha kutosha yuko hatarini zaidi kuliko mwenzake wa mbali na migodi aliye na upungufu uleule. Sidai kwamba unga mzima ni dawa ya kobalti. Nadai kwamba katika mji huu kila miligramu ya chuma inayotupwa pamoja na pumba inatupwa mahali inapohitajika kuliko kwingine.

Tutoke nyumbani, tupime mji. Kongo haijafanya sensa tangu mwaka 1984, basi nitahesabu kwa kila wakazi 100,000 na msomaji azidishe kadiri anavyoamini. Watu 100,000 kwa gramu 350 wanakula tani 35 za unga kwa siku. Zikiwa za unga mzima, zimetokana na tani 36 za mahindi. Zikiwa za breakfast, zimetokana na tani 56 na nusu. Tofauti ni zaidi ya tani 20 kwa siku, zaidi ya tani 7,400 kwa mwaka, mzigo wa malori 248 ya tani 30. Kwa watu nusu milioni ni tani 37,000, yaani malori zaidi ya matatu kila siku ya Mungu. Kwa wastani wa mavuno ya mkulima mdogo wa Kongo, ambayo ni kama kilo 800 kwa hekta, tani hizo zinahitaji hekta 46,000 za shamba. Malori hayo hayaonekani barabarani Kolwezi kwa sababu pumba hubaki Zambia, kwenye mabanda ya kuku na viwanda vya chakula cha mifugo. Haipotei, inawalisha kuku wa jirani. Lakini gunia la unga mweupe linapovuka Kasumbalesa, bei yake imeyabeba pia mahindi ambayo hayakupanda lori.

Jirani naye ana miaka yake mibaya. Zambia ilivuna tani milioni 3.26 za mahindi mwaka 2023. Mwaka 2024 ukame uliosababishwa na El Niño ulishusha mavuno hadi tani milioni 1.5, na Rais Hakainde Hichilema alikuwa ameutangaza kuwa janga la taifa tangu tarehe 29 Februari. Agosti ya mwaka huohuo mpaka wenyewe ulifungwa kwa siku kadhaa kwa mzozo wa biashara ya bia na vinywaji baridi. Mwaka 2025 mvua zikarudi na mavuno yakapita tani milioni 3.6. Mji unaokula unga mweupe unaupokea msukosuko wa namna hiyo ukiwa na mahitaji makubwa kwa zaidi ya nusu kuliko inavyolazimu.

Yako pia mashamba ya hapa nyumbani. Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, kabla mkoa huo haujagawanywa na mkoa wetu wa Lualaba kuzaliwa, aliyataka makampuni ya madini yalime mahindi, hekta 500 kila moja. Mengine yalilima, mengine yalilima kwa shingo upande. Tuchukue shamba moja kama hilo lililolimwa vizuri na kutoa tani 4 kwa hekta: tani 2,000. Likisagwa kwa namna ya breakfast linawalisha watu 9,700 kwa mwaka mzima. Likisagwa zima linawalisha watu 15,200. Watu 5,500 zaidi, bila mbegu ya ziada wala mbolea ya ziada. Wanaopanga kilimo cha Lualaba huzungumzia hekta na matrekta, nami naunga mkono, lakini sijaona mpango wa trekta unaoongeza chakula kwa zaidi ya nusu katika msimu mmoja.

Kama faida ni kubwa hivyo, kwa nini watu hawabadiliki? Sehemu ni ladha na heshima, kama nilivyosema. Sehemu kubwa ni mashine.

Fika kwenye mashine ya mtaani asubuhi ya Jumamosi. Mabeseni yamepangwa mstari, kila moja na alama ya mwenyewe, kitambaa chekundu hapa, kifuniko cha sufuria pale. Mama anamwambia mwenye mashine, "Papa, usikoboe, saga yote," na wenzake kwenye foleni wanamgeukia. Mahindi yanamiminwa juu, unga unatoka chini kupitia mfuko mrefu wa kitambaa ukiwa na joto bado, una madoa ya njano na kahawia na harufu ya mahindi mabichi ambayo unga wa dukani hauna. Anauchota kidogo, anausugua kati ya vidole. Ukiwa mkavu na haushikani, anafunga beseni. Halafu umeme unakatika, na waliobaki wanasubiri au wanarudi nyumbani kununua unga mweupe kwa kopo dukani. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapahapa kwenye mto Lualaba, yamejengwa tangu miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi, na mashine ya kusaga ya mtaani bado inasubiri zamu yake ya umeme.

Jikoni pia pana mambo ya kujifunza upya. Unga mzima hunywa maji zaidi na unataka muda mrefu kidogo motoni. Anayeupika kwa haraka ya breakfast anapata bukari yenye chengachenga na kuulaumu unga. Acha uji wake uchemke kwa dakika kadhaa kabla hujaongeza unga wa kukazia. Makaa yanayoongezeka yanapunguza kidogo ile akiba ya mwezi, lakini hayaifuti. Na chekecheo libaki ukutani, maana anayesaga zima kisha akachekecha jikoni amejirudishia hasara aliyoikwepa kwenye mashine.

Uhifadhi ndio unaohitaji uangalifu wa kweli, na hapa sitaki msomaji achukulie kijuujuu. Unga mzima huchacha baada ya wiki kadhaa, hivyo nunua mahindi ya mwezi na usage ya wiki: familia yetu ya watu 7 inahitaji kusaga kilo 17 au 18 kila Jumamosi. Hatari kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu. Hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi yenye ukungu yakisagwa mazima ni mabaya kuliko yakikobolewa. Kenya mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyoota ukungu na 125 walikufa. Unga mzima unafaa kwa mahindi makavu na safi tu. Kuna kipimo cha nyumbani: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo yarudi juani. Kwa kuhifadhi muda mrefu yanatakiwa yashuke hadi 13. Yaanikwe juu ya turubai, mbali na barabara za malori ya madini, kwa sababu tumeshaona vumbi la Kasulo lilikuwa na nini. Punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au zilizosinyaa zitolewe kwa mkono kabla ya kwenda mashineni.

Wako wanaosema wao hawana tatizo kwa kuwa wanakula bukari ya mihogo, hasa familia zenye asili ya Dilolo, Sandoa na Kapanga. Muhogo haukobolewi kama mahindi, ni kweli, lakini unga wake una protini ya gramu 2 tu kwa kila gramu 100, au pungufu. Kula chakula kisichokobolewa hakutoshi kama chakula chenyewe ni maskini tangu mwanzo. Kuchanganya mihogo na mahindi mazima, kama nyumba nyingi zinavyofanya, ni jambo zuri, mradi mahindi yawe sehemu kubwa. Viazi vitamu, hasa vya rangi ya machungwa vyenye vitamini A, vinastahili nafasi kubwa kuliko vinayopewa sasa ya chakula cha kiangazi. Mkate mweupe wa asubuhi na wali wa mchele wa kuagizwa viko kundi moja na breakfast. Na soda ya kola ya sentilita 30, ambayo mchimbaji huiteremshia mkate wake, ina gramu 32 hivi za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe gramu 50 kwa siku nzima na ikiwezekana abaki kwenye 25.

Mwenye nyumba anaweza kuanza Jumamosi ijayo, lakini mji hauwezi kubadilika kwa nguvu za mabeseni peke yake. Fedha zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazoizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha wa madini inakwenda moja kwa moja kwa serikali za mitaa. Kampuni yenye mauzo ya dola bilioni moja kwa mwaka inadaiwa dola milioni 3 kwa kifungu hicho cha kwanza pekee. Kwa fedha hizo hujengwa madarasa na visima, na ni sawa. Kamati za jamii zinazokaa kupanga vipaumbele zingeweza pia kudai mashine za kusaga zenye umeme wa uhakika, vipima unyevu kwenye kila ghala, sakafu safi za kuanikia, na mifuko isiyopitisha hewa kwa wakulima wa Lubudi na Mutshatsha. Migodi inayolisha maelfu ya wafanyakazi kila zamu ingeweza kuanza na kantini zake: inunue mahindi ya mkoa, iyasage mazima, na iwapakulie mainjinia na vibarua bukari ileile. Bukari yenye madoadoa ikionekana kwenye meza ya mwenye kazi, aibu itaondoka haraka kuliko kwa mahubiri yoyote ya afya.

Wajumbe wa kamati hizo ni majirani zetu. Mkutano ujao wa mtaa ukiitishwa, nenda na swali moja: mashine ya kusaga iko wapi kwenye orodha?